Mwenyekiti wa Raia Mmoja

Mwaka ule Kiliani Ndunguru alikuwa mwenyekiti wa kitongoji chenye raia mmoja, na raia mwenyewe alikuwa mke wake, Domitila.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Lihutu ilikuwa na watu. Siku za sikukuu kanisa la kigango lilijaa mpaka wanaume wakasali wakiwa nje, wamesimama karibu na madirisha. Palikuwa na duka, mashine ya kusaga, na shule shikizi ya watoto wa madarasa ya chini. Watu walilima kahawa karibu na nyumba, na kule mteremkoni wakachimba ngolo, mashimo ya mraba yanayozuia mvua isibebe udongo, wakapanda maharage na mahindi kwenye kingo zake.

Kisha ikaja lami. Haikufika Lihutu. Ilipita chini kabisa, ng'ambo ya mto, ikitoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay, na kutoka kwenye kahawa ya Kiliani ungeweza kuyaona magari yakikata kona, madogo kama punje za ulezi. Lakini gari halikuwahi kupanda Lihutu, na pikipiki ziliishia mtoni, kwenye daraja la magogo.

Basi watu wakaanza kushuka. Wa kwanza walikuwa vijana waliotaka kufungua vibanda barabarani. Wakafuata wenye watoto wa shule. Mwenye duka alipoona wateja wameshuka, naye akashuka. Kila aliyehama aliondoka na mabati yake, mlango wake na fremu za madirisha, kwa sababu hivyo ni vitu vya kununua, na kuta ni udongo tu. Kuta zikabaki wazi, mvua ikazila kidogo kidogo. Jirani wa mwisho, Edmund Kapinga, alihama baada ya mavuno ya mwaka uliotangulia. Alikuja kuaga akiwa ameshika kofia mkononi kama mtu aliyefanya kosa.

Kiliani hakuhama kwa sababu alikuwa mwenyekiti. Alisema mwenyekiti hawezi kutangulia kuondoka akawaacha watu wake. Alipobaki na mtu mmoja tu, sababu hiyo ilianza kuchekesha hata nyumbani kwake.

"Mwenyekiti," Domitila alikuwa akimwambia asubuhi akimpa uji, "wananchi wanauliza kuni zitaletwa lini."

"Waambie suala lao linashughulikiwa."

"Wananchi wamechoka na majibu hayo."

Wakacheka, naye Kiliani akachukua shoka na kwenda.

Mwezi wa kumi serikali ya kijiji iliamua kwamba Lihutu iunganishwe na kitongoji cha barabarani ifikapo Januari. Mtendaji alimweleza Kiliani kwa heshima mbele ya mkutano, akamshukuru kwa miaka yake yote ya utumishi, watu wakapiga makofi, akapewa soda. Kiliani alicheka pamoja nao na akainywa. Alipokuwa akirudi na Domitila hakusema neno mpaka walipovuka mto.

"Unaumwa?" Domitila aliuliza.

"Siumwi. Nafikiria tu kwamba walipiga makofi haraka sana."

Mtoto wao wa kwanza, Hyasinti, alikuwa fundi pikipiki barabarani. Alikwisha kuwajengea wazazi wake vyumba viwili nyuma ya nyumba yake na kuviezeka. Kilichobaki ni jiko. Walikubaliana kwamba mabati ya nyumba ya Lihutu yateremshwe yaezeke jiko hilo, na kwamba wazee wahame kabla mvua hazijachanganya.

Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba Hyasinti alipanda Lihutu na Edmund Kapinga na vijana wanne, wote wakiwa wazaliwa wa mlimani hapohapo. Domitila alikuwa ameshafunga masufuria na magodoro, na kuku wako ndani ya tenga wakilalamika. Kiliani aliishusha mwenyewe picha ya Bikira Maria ukutani, akaifunga kwenye shuka. Edmund akapanda juu ya paa na kuanza kung'oa misumari.

Sebule ilikuwa imeshabaki wazi, anga inaonekana, na Edmund anahamia upande wa chumba cha kulala, walipotokea wanawake wawili kwenye njia ya juu.

Ile ilikuwa njia ya zamani ya Wanyasa. Zamani watu wa ziwani walipanda nayo wakileta samaki na kurudi na maharage. Watu wa Mbamba Bay walikuwa na lami sasa, lakini kulikuwa na vitongoji upande wa pili wa mlima, kwenye miteremko inayoangalia ziwa, ambavyo havikuwa na barabara yoyote. Mtu wa huko akitaka gari alivuka mlima na kupita Lihutu.

Aliyetangulia alikuwa mama wa makamo mwenye furushi kichwani. Nyuma yake alikuja msichana wa miaka ishirini na kitu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika fimbo. Tumbo lake lilikuwa kubwa na lilikuwa limeshuka.

"Hodi wenyewe," mama aliita kwa Kiswahili, maana Kinyasa chake na Kimatengo cha wenyeji havikupatana. "Tunaomba mahali akae. Ameshikwa njiani."

"Karibuni. Poleni sana," Domitila alisema, akaenda kumpokea yule msichana kabla hajafika uani. "Ameshikwa tangu lini?"

"Tangu tulipoanza kupanda. Walituambia zimebaki wiki mbili. Tukasema tuwahi kituo cha afya, tukasubirie huko, mvua zisitukute huku. Kumbe na mtoto naye amewahi."

Mama huyo aliitwa Violet. Msichana alikuwa mkwe wake, Jacqueline, na mumewe alikuwa kazini kwenye machimbo ya makaa ya mawe kule Ngaka. Jacqueline alijaribu kuwasalimu wazee. "Shika..." alianza, akashindwa kumaliza, akainama na kushika nguzo ya baraza.

"Marahaba, marahaba, mwanangu. Utamalizia baadaye," Kiliani alisema.

Domitila alifungua godoro alilokuwa amelifunga asubuhi na kulirudisha chumbani. Hyasinti alikimbilia juu ya shamba, mahali pekee penye mtandao, akampigia muuguzi wa kituo cha afya. Alirudi akihema.

"Anasema kama uchungu umekaribiana hivyo asisafirishwe. Ajifungulie hapa, pawe safi, mikono ioshwe kwa sabuni. Mtoto awekwe kifuani kwa mama yake na afunikwe. Tusivute kitu chochote. Akishajifungua tuwapeleke wote wawili palepale."

"Hayo nayajua," Violet alisema, "lakini nashukuru kuyasikia."

Domitila akatazama juu. Edmund alikuwa ameshang'oa mabati matatu ya chumba kile. Upande wa ziwani mawingu yalikuwa yamesimama, meusi chini, na upepo ulishaanza kugeuza majani ya migomba.

Kiliani naye aliyaona. Akatoka uani.

"Edmund, rudisha mabati."

"Yote, mzee?"

"Ya chumba hiki kwanza. Halafu ya sebule, kama mvua itakupa nafasi."

"Misumari mingi imepinda."

"Inyoosheni."

Vijana wakakaa juu ya mawe, wakanyoosha misumari kwa nyundo na kwa migongo ya mapanga. Hyasinti akampa Edmund bati moja moja. Sauti ya kugonga ilijaa nyumba nzima, na Violet akatoka na uso wa ukali.

"Jamani, punguzeni! Kuna mtu anateseka humu!"

Kutoka ndani sauti ya Jacqueline ikasikika, nyembamba lakini imara. "Waache, mama. Waache wagonge. Afadhali nisikie nyundo kuliko kujisikia mwenyewe."

Basi wakagonga. Bati la mwisho la chumba liliposhika, matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza. Edmund akashuka, na wanaume wote wakajibanza chini ya upenu. Mvua ilinyesha kwa nguvu ile ya mwanzo wa msimu, ikatengeneza vijito uani na kuingia sebuleni kusikokuwa na paa. Hata ungezungumza usingesikika. Kiliani alikaa kando ya tenga la kuku akiangalia mlango wa chumba.

Mlango ulifunguliwa. Domitila alisimama hapo mikono ikiwa imelowa, kitenge kimekaa upande.

"Ni mtoto wa kike," alisema kwa sauti ya juu ili imfikie.

"Mbona hatukumsikia akilia?"

"Amelia sana. Mabati yenu yamemfunika."

Edmund alicheka kwanza, kisha wote wakacheka, wale vijana wakapigana mabegani. Kiliani hakucheka. Alivua kofia, akaipangusa maji, akaivaa tena.

Walisubiri mpaka mvua ilipopungua na Violet akasema kwamba kila kilichotakiwa kutoka kimetoka, na damu si ya kutisha. Vijana wakakata miti miwili ya mkaratusi, wakafunga mablanketi ya Domitila kwa kamba za katani, wakapata machela. Jacqueline alilazwa juu yake, mtoto kifuani, turubai juu yao.

Kazi ilikuwa njia. Zamani kila kaya ya Lihutu ilikuwa na kipande chake cha kufyeka, kutoka juu mpaka mtoni, na mtu aliyeacha kipande chake kiote nyasi aliaibishwa mbele ya wote. Tangu watu wahame, Kiliani alikuwa anafyeka alipoweza. Sehemu nyingine zilikuwa zimefungwa na vichaka mpaka mtu mmoja alipita kwa ubavu. Machela haiwezi kupita kwa ubavu. Kiliani alitangulia na panga, akikata kulia na kushoto, na waliobeba walifuata hatua kwa hatua, wakibadilishana mabega.

Kwenye kona moja mwiba ulishika turubai, na Edmund, aliyekuwa mbele upande wa kushoto, aliteleza akapiga goti. Hakuiachia machela. Alipoinuka aliangalia vile vichaka, akaona jiwe kubwa lililogawanyika, na akajua yuko wapi.

"Hapa palikuwa pangu," alisema.

Wakaendelea.

Mtoni gogo moja la daraja lilikuwa limeoza na kuondoka. Wakaingia majini, maji yakafika magotini, machela juu ya mabega. Violet alivuka nyuma yao na ndala mkononi, akiomba kwa sauti ndogo. Domitila alimshika kiwiko. Walipopanda ukingo wa pili Jacqueline aliuliza kama wamevuka, wakamwambia wamevuka, akasema, "Asanteni. Nilikuwa nimefumba macho."

Barabarani walisimamisha gari dogo la mizigo lililobeba ndizi. Dereva hakuuliza maswali. Alisogeza mikungu pembeni, akatandika gunia, na baada ya muda mfupi walikuwa kituo cha afya. Muuguzi aliyezungumza na Hyasinti kwenye simu aliwapokea, akawapeleka ndani, na alipotoka aliwaambia kwamba mama na mtoto wako salama, ila mama amechoka na wote watalala hapo.

Kisha akataka maelezo ya kuandikisha kizazi. "Amezaliwa wapi?"

"Lihutu," Kiliani alisema.

Muuguzi alikuwa mgeni kidogo katika maeneo hayo. "Ni kijiji?"

"Kitongoji."

"Baba," Hyasinti aliingilia taratibu, "Lihutu si imeshaunganishwa?"

"Itaunganishwa Januari. Leo bado ipo na mimi ndiye mwenyekiti wake." Akamgeukia muuguzi. "Andika Lihutu, mwanangu. Asubuhi tulikuwa wawili. Sasa tumeongezeka."

Muuguzi akaandika.

Jioni walikaa nyumbani kwa Hyasinti, wakala ugali na usipa wakavu, dagaa wa ziwani, ambao Violet aliwatolea kwenye furushi lake, akikataa katakata kukataliwa. Kisha Violet alirudi kituoni kukaa na mkwe wake. Hyasinti akasubiri baba yake anawe mikono.

"Basi kesho tupande tukamalizie mabati. Mvua ikitulia tutakuwa tumeshuka mchana."

Kiliani alijifuta mikono kwenye suruali.

"Yule mama ameniambia jambo tulipokuwa kwenye gari," alisema. "Anasema kule kwao, mtu akitaka kuvuka mlima, wanaulizana kwanza: Lihutu kumebaki nani? Walipokuwa wanakuja safari hii waliambiwa, wamebaki wazee wawili, nyumba ya karibu na mgomba mkubwa. Ndipo wakathubutu kuja." Akamwangalia mkewe. "Hapa kijijini tulishaacha kujihesabu. Kumbe wale wa ng'ambo ya mlima walikuwa wanatuhesabu."

"Baba, kwa hiyo hamhami?"

"Sijasema hivyo. Mama yako magoti yanamuuma, na mimi macho yangu unayajua. Tutahama."

"Sasa?"

"Mabati yabaki."

Hyasinti alijaribu kuwa mpole. Alisema nyumba isiyo na mtu haidumu. Alisema jiko limeshafika usawa wa paa, mvua ndiyo hizo, na yeye kwa sasa hana uwezo wa mabati mengine. Alisema pia jambo lililomuuma zaidi, kwamba watu wa barabarani watamwona mtoto anayewapikisha wazazi wake mvuani.

"Jiko nitaezeka kwa nyasi," Domitila alisema.

"Mama! Barabarani hapa? Nyumba zote hizi za bati?"

"Mimi nimepikia kwenye jiko la nyasi tangu nilipoolewa. Moshi unatoka vizuri na mvua haikupigii kelele. Atakayecheka mkaribishe ale, uone kama atakataa chakula."

Hyasinti aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amewazoea wazazi wake wakibishana. Walipokubaliana hakuwa na njia ya kupita katikati yao. Akasema sawa, lakini alisema akiwa anaangalia chini, na siku kadhaa alikuwa mkimya nao.

Edmund na vijana wake ndio waliorudi Lihutu kumalizia paa la sebule. Walitumia misumari mipya, ambayo Edmund hakusema ameipata wapi. Wakiwa wanashuka walifyeka njia. Hakuna mkutano ulioamua hilo. Kila mtu aliposimama mahali palipokuwa kipande cha kwao alianza kukata, na waliomaliza wakawasaidia wengine, mpaka wakafika mtoni na giza likiwa karibu.

Wazee walihama wiki iliyofuata. Ndani ya nyumba ya zamani waliacha kitanda cha kamba, mtungi wa maji uliofunikwa, na kuni kavu kando ya mafiga. Mlango waliufunga kwa kamba tu ili yeyote aweze kuufungua.

Maisha ya barabarani hayakumjia Kiliani kwa urahisi. Wiki za kwanza alikuwa akiamka kila lori lilipobadilisha gia kwenye kona, akidhani ni ngurumo na kwamba lazima akaanue kahawa. Watu walimwita mwenyekiti kwa mazoea, hata baada ya Januari kufika na kitongoji kuwa kimoja, chini ya mwenyekiti mwingine, mama mmoja kijana aliyekuwa akija kumwuliza mambo ya mipaka ya mashamba. Jiko la nyasi lilichekwa kweli. Madereva wa pikipiki waliokuja kwa Hyasinti waliliita "hoteli ya kitalii", nao Domitila akawauzia chai humo, na kufikia mwezi wa pili Hyasinti mwenyewe alikuwa akiwaelekeza wateja wake waende wakasubirie jikoni kwa mama.

Machi ilipofika, wakati wa kuandaa ngolo kwa maharage, Kiliani na Domitila walipanda Lihutu kukaa huko mpaka kazi iishe. Njia ilikuwa wazi. Walipumzika mara nyingi kuliko zamani, wakafika jua likiwa juu.

Nyumba ilikuwa imesimama na mabati yake yote. Mlango haukuwepo. Mtu alikuwa ameung'oa pamoja na fremu yake, kwa ufundi, bila kubomoa ukuta.

Kiliani aliangalia lile tundu kwa muda mrefu. "Mwizi wa mlango! Mtu anapanda mlima wote huu, anaacha mabati, anaiba mlango!"

Domitila alikuwa ameshaingia ndani. "Labda alikuwa peke yake. Mabati hayabebeki na mtu mmoja." Kisha akaita, "Njoo uone. Kuni zimetumika. Na hapa kuna maganda ya mihogo. Watu wamelala humu, na si mara moja."

"Bila mlango?"

"Bila mlango."

Kiliani aliingia, akagusa majivu, yalikuwa ya siku nyingi. Akainua kifuniko cha mtungi: mtupu. Hasira yake ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na mahali pa kukaa. Alisema atasuka mlango wa fito jioni, na kwamba atakayeuiba huo atakuwa na shida zaidi kuliko wao.

"Suka kesho," Domitila alisema. "Leo nyasi hazijafyekwa, na mawingu hayo sijui yatatungoja mpaka lini."

Wakachukua zana zao wakashuka shambani. Kazi ya mwanamume ilikuwa kufyeka nyasi na kuzilaza mistari kwa mistari mpaka zichore miraba mteremkoni. Ya mwanamke ilikuwa kuchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo, kisha kupanda. Kiliani alianzia juu. Alipomaliza mraba wa kwanza alinyoosha mgongo na kumwangalia mkewe akishika jembe. Domitila akamwambia asogee, amesimama kwenye nyasi zake.